Yule Ndovu wa Cherehani

S.L.P. 318,
Nyamira.
14 Septemba 2025

Mpendwa kaka Ishmael,

Pokea salamu nyingi kutoka Sironga, ambako mvua imetupiga wiki nzima na matope yamefika hadi mlangoni mwa darasa langu. Hujambo huko Kanada? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Sisi tu wazima. Mpwa wako Mong'ina ametimiza miaka kumi na mmoja na amenifikia begani. Tata anakula vizuri na anatembea, ila mikono inamtetemeka. Patasi ya kuchongea mawe ameiweka chini tangu mwaka jana.

Usiikunje barua kwa sababu nimemtaja baba yetu. Kwenye simu ukisikia habari zake unakata, ndiyo maana nimeamua kuandika. Karatasi itakungoja hata ukiiweka kando siku mbili.

Unamkumbuka Enchogu? Yule ndovu fundi wa cherehani kwenye katuni tulizotazama utotoni? Jina hilo la Kigusii tulimpa sisi, maana katuni yenyewe ilitoka ng'ambo na haikuwa na neno hata moja. Alishona kwa mkonga, kila nguo ikatoka fupi, na kabla ya balaa kutokea alipiga chafya tatu. Pale Tabaka runinga ilikuwa moja tu, dukani kwa Jaffer, ikitumia betri ya gari. Kipindi kilianza Jumamosi saa kumi na moja, jua bado liko juu na Sabato haijaisha, na sisi ni watoto wa mzee wa kanisa! Tulitoroka baada ya mkutano wa vijana, tukaketi juu ya magunia ya sukari, na wewe ukawa unachora kwa kidole kwenye vumbi la sakafu.

Sasa sikiliza. Mwezi wa nane, shule zilipofungwa, nilimpeleka Mong'ina nyumbani Tabaka. Kuna kipindi kipya cha katuni za vichekesho kinachochorwa na vijana wa Nairobi, kuhusu familia yenye mkahawa na mbuzi wao asiyejua kunyamaza. Nadhani wachoraji wenyewe ni rika letu, kwa kuwa wanaingiza mle ndani katuni za zamani kimyakimya. Siku moja treni ilipita nyuma ya mkahawa ikiendeshwa na kuku mwenye kofia, yule yule wa katuni zetu za utotoni. Mong'ina aliona treni tu.

Basi Jumapili moja baada ya chakula tukafungua runinga. Mbuzi alikwenda kushonewa sare ya shule. Nyuma ya meza ameketi ndovu mzee, miwani puani. Hakusema kitu. Akapiga chafya moja. Ya pili. Ya tatu. Kaka, nilicheka hadi machozi yakanitoka, na nusu yake hayakuwa ya kicheko.

"Mama, unacheka nini?" Mong'ina akauliza. "Huyo ndovu hajafanya kitu."

Kabla sijamjibu, Tata, niliyedhani amesinzia kwenye kiti chake, akasema, "Atashona fupi. Huyo hushona fupi siku zote."

Niligeuka. "Tata, umemjulia wapi?"

Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Kwa Jaffer. Ninyi mlikuwa ndani, mimi nilikuwa nje, dirishani."

Akanisimulia kwamba mara ya kwanza alikuja na fimbo kutufuata. Akakuona unavyocheka, kisha akamwona ndovu, na fimbo ikabaki imeegemea ukuta. Tangu siku hiyo alikuja kila Jumamosi, akasimama hadi mwisho, halafu akapitia njia ya mkato ya machimboni ili tumkute nyumbani na Biblia mapajani. Nikamtania kwamba kumbe aliivunja Sabato pamoja nasi. Akaacha kucheka.

"Ninyi mlikuwa watoto," akasema. "Mimi nilijua ninalofanya."

Akamtuma Mong'ina maji. Akaniuliza kama kuchora hivyo ni kazi ya mtu kweli, nikamwambia ni kazi ya watu wengi, wameajiriwa.

"Nilichoma daftari za Ishmael nikijua michoro yake ni mizuri," akasema. "Nimechonga mawe miaka arobaini. Vumbi limenikaa kifuani, na vitu vyangu viko katika nyumba za watu nisiowajua. Nilitaka yeye asiishi hivyo. Lakini nilikosea. Mwandikie hivyo hivyo, usinipambie."

Nami sijampambia. Nilikuwepo jikoni siku ile, niliona uso wako, na siwezi kukuambia usahau. Miaka kumi na miwili ya kutosemezana si siku mbili.

Ombi lake ni moja: anataka kukupigia yeye mwenyewe. Jumapili tarehe 26 Oktoba nitakuwa Tabaka. Saa kumi jioni yetu, kwenu ikiwa asubuhi, utaona namba yangu, lakini anayepiga ni yeye. Usiposhika, amesema hatakulaumu.

Shangazi Bitutu anakusalimu sana, na Mong'ina anauliza kama theluji ina ladha. Mungu akulinde kazini na njiani, akupe na watu wa kukupikia uji ukiugua.

Jambo la mwisho, halafu niiache kalamu. Wiki iliyopita nilimpelekea Tata dawa, nikamsikia nyuma ya nyumba akiongea huku akimkatia ng'ombe majani. Nilidhani ana mgeni. Nikachungulia, yuko peke yake. "Ishmael, ni mimi," alikuwa akisema. Akakohoa. "Ishmael, ni mimi baba yako. Umeshindaje?" Akatikisa kichwa, akakohoa tena, akaanza upya.

Ni mimi dada yako akupendaye siku zote,
Bathsheba