Mapovu Ishirini na Mawili

Jumanne jioni, Lizaboni

Sifuti. Mwalimu wa baiolojia aseme anavyotaka.

Taa ilipokuwa mbali, mmea wangu wa majini ulitoa mapovu tisa kwa dakika. Nikaisogeza, yakawa ishirini na mawili. Nikaisogeza tena, yakabaki yale yale. Labda mwanga ulishautosha. Wenzangu wakapika namba ili grafu zao ziendelee kupanda kama ile aliyoichora mwalimu ubaoni.

"Wote wamepata zaidi ya thelathini, Tumaini. Rekebisha."

"Nimehesabu mara tatu, mwalimu."

"Basi kesho nakupa sifuri."

Sifuri naiogopa, sijidanganyi. Lakini mmea haukunakili ubaoni.

Grafu huwa tunachora kwa penseli. Yangu nimeshaipitishia wino, hata nikiingiwa na woga asubuhi isifutike.