Papa Musafiri, Ni Mimi Niliyefuta Ile Diski

Papa Musafiri,

Nakuandikia Jumapili asubuhi, mezani jikoni, koti nimeshalivaa. Saa nne natakiwa kuwa soko la Midi. Kabla sijatoka kuna jambo nataka ulisikie wewe kwanza, kabla ya watu wa sokoni. Ulipaswa kulisikia miaka miwili iliyopita, ulipokuwa unakaa karibu yangu kila Jumamosi. Kinywa nilikuwa nacho. Sikukitumia.

Tangu tukuzike ni miezi minne. Meza yetu ya kutengeneza kompyuta bado iko katika ukumbi wa parokia, nyuma ya uwanja wa Flagey, chini ya lile dirisha lisilofunga vizuri. Niliogopa kwamba bila wewe padri angeichukua tena nafasi yake, lakini aliniita akanipa ufunguo wa kabati. Kwa hiyo Jumatatu hadi Ijumaa nafua mashuka ya hospitali kule Jette, na Jumamosi nafungua kabati na kupanga mashine za watu. Wanaokuja ni wale wale: waliofika juzi, wanafunzi, mamans wenye kompyuta za zamani ambazo mifumo mipya imezikataa. Bado wanamuulizia "tonton wa Linux", mjomba wa ule mfumo wa bure unaofufua kompyuta kuukuu, yaani wewe. Nawaambia umefariki. Wengine wanageuka na kuondoka na mashine zao. Wengine wananitazama mikono, halafu wanakaa.

Unakumbuka siku ya kwanza nilipokuletea yangu, ile iliyokuwa inachukua nusu saa kuwaka? Nilidhani utaichukua na kuniambia nirudi wiki ijayo. Ukanisogezea kiti. "Miye sitakutengenezea, Furaha. Nitakuonyesha, utatengeneza weye." Nilikuwa na miaka arobaini na moja na sijawahi kufungua hata redio. Jioni ile ile mashine iliwaka na Linux yake mpya, nyepesi kama imenunuliwa jana, nikalia mbele ya watu. Wewe ulicheka tu.

Sasa nikuambie ya jana.

Asubuhi, hata sijamaliza kuunganisha nyaya, mlango ulifunguliwa akaingia Maman Zainabu. Yule wa Bujumbura, wa kitambaa cha kijani. Sikuwa nimemwona tangu siku ile alipokutukana mbele ya ukumbi mzima, wewe umeinamisha kichwa, kwa ajili ya picha za mama yake.

Alikuja na kompyuta imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, maana mvua ilikuwa inanyesha. Hakukaa. Aliangalia kiti chako.

"Yule mzee wenu yuko wapi?"

Nikamwambia umefariki mwezi wa pili, moyo ulisimama ghafla.

"Mungu amrehemu. Mimi nilikuwa na maneno naye, lakini basi, amekwenda." Kisha akavuta kiti. "Alors, afadhali ni wewe. Yule nisingempa tena mashine yangu. Wewe nakuamini, dada."

Papa, nilisikia masikio yanawaka moto.

Shida yake ilikuwa hii. Anasomea uuguzi msaidizi, mwaka wa mwisho. Jumatatu saa tatu anatakiwa kukabidhi ripoti ya mafunzo yake ya vitendo, kurasa arobaini na mbili, na asipoikabidhi anarudia mwaka mzima. Ripoti iko ndani ya ile mashine tu. Na mashine tangu Alhamisi ikiwashwa inazungusha kile kiduara chake, inazunguka, inazunguka, halafu inasimama. Duka la kwanza walimwambia aitupe, ina miaka kumi na miwili. Duka la pili walitaka wiki mbili.

"Sina wiki mbili," alisema. "Nina leo na kesho."

Nikaiwasha. Nikainamisha sikio kama ulivyonizoeza. Diski ilikuwa inagonga. Tik, tik, kimya, tik. Diski inayokufa. Ulikuwa unasema diski ikianza kugonga usiiulize maswali mengi, chukua kwanza ulichokuja kuchukua.

Nilichomeka clé yetu ya USB, kile kijiti chenye Linux, nikabonyeza F12 ili mashine ianzie pale na isiiguse diski yake. Kioo kikawa cheusi. Nikangoja. Cheusi. Nikazima, nikawasha tena, na safari hii kabla haijaendelea nikaongeza lile neno lako, nomodeset, linaloiambia mashine isihangaike na kadi yake ya picha. Nikalikosea mara mbili. Mara ya tatu ikafunguka. Nikachagua "Essayer sans installer", kujaribu bila kuweka kitu, nikaiona diski yake upande wa kushoto wa kioo.

Nikaigusa. Ikakataa. Mfumo uliokuwamo ulizimika vibaya na kuiacha imefungwa. Nikakumbuka kuifungua kwa kusoma tu, bila ruhusa ya kuandika kitu. Ikafunguka. Faili la ripoti lilikuwa ndani ya folda ya "Stage", yaani mafunzo ya vitendo. Nikalivuta kwenye clé nyingine, na kile kijistari cha kunakili kikafika katikati kikasimama. Tik, tik, tik. Maman Zainabu alikuwa anasoma dua kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nakuita wewe. Sijui tulikaa hivyo dakika ngapi. Kikasogea. Kikasogea tena. Kikamaliza.

Sikukiamini. Nilichomoa clé, nikaipeleka kwenye mashine ya pili mezani, nikafungua ripoti na kushuka ukurasa baada ya ukurasa hadi wa arobaini na mbili, alipowashukuru wagonjwa. Ndipo nikamwambia ipo.

Alishika kichwa kwa mikono miwili, akacheka, akanigonga begani. "Unaona? Unaona kazi ya mtu mwangalifu? Yule mzee angefanya hivi, leo ningekuwa na sura ya mama yangu."

Hapo, Papa, ndipo nilipoondoa mikono juu ya mashine.

Kwa sababu wewe ulifanya hivyo. Kila mara. Wewe ndiye uliyenifundisha kwenda kukagua kwenye mashine ya pili. Siku ile ya picha, tukiwa tunaiwekea mashine yake Linux, uliitwa kwenye simu na mkeo, Mama Jeanne, ukasimama kutoka nje, na mlangoni ukageuka ukaniuliza, "Furaha, ulisha kopia mapicha?" Nikajibu, "Ndiyo Papa, zote."

Sikuwa nimekopi hata moja.

Nilidhani picha ziko kwenye sehemu nyingine ya diski ambayo haitaguswa. Nilidhani tu. Nilitaka ukirudi ukute kazi imekwisha, uone kwamba naweza peke yangu. Mashine ikaniuliza kwa Kifaransa safi kama nina uhakika wa kufuta diski yote, nami nikabonyeza "Effacer le disque et installer". Uliporudi nilikuambia kopi imeharibika, kwamba clé ilikuwa mbovu. Uliitafuta ile clé, ukaijaribu jioni nzima. Ulikuwa unasema, "Ajabu, clé hii ni nzima." Na mimi nakuangalia.

Halafu Maman Zainabu alikuja kuchukua mashine yake, akatafuta picha za mama yake, na kabla sijafungua mdomo ulisimama mbele yangu. "Ni miye, maman. Ni mikono ya muzee. Unisamehe."

Ulinifunika kwa kosa ulilodhani ni la bahati mbaya. Kama ungejua ni uongo, sijui kama ungenifunika. Hilo ndilo limenila miaka miwili. Jumamosi iliyofuata uliniwekea mashine nyingine mbele, ukanipa clé, ukasema "tuendelee", kana kwamba hakuna kitu. Na watu wakapungua. Nilijua kwa nini wanapungua. Yeye alikuwa amesema maneno yake sokoni, saluni, kila mahali: mpelekeeni mzee yule mashine kama mnataka kulia. Ulikuwa unakaa siku nzima bila mteja, unasafisha kibodi zilizokwisha kuwa safi.

Jana ningeweza kunyamaza tena. Ripoti ilikuwa imeokoka. Wewe umelala. Nani angejua?

Nikamwambia. Sikuanza vizuri, nilianza kwa kusema "Maman, ile siku," nikakwama, nikaanza tena. Nikamwambia mzee aliuliza kama nimekopi nikadanganya. Nikamwambia kidole kilichofuta picha za mama yake ni hiki.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Akachomoa waya, akafunga mashine, akairudisha kwenye mfuko wa plastiki, akachukua na ile clé ya ripoti. Akatoka. Mlango ulibaki wazi, mvua inaingia ndani. Kulikuwa na mwanafunzi mmoja anangoja zamu yake, naye akaanza kuangalia simu yake kwa bidii.

Nilikaa kwenye kiti chako, Papa.

Sijui kama ilikuwa robo saa. Alirudi amelowa, kitambaa kimegandamana na kichwa.

"Nimefika kituoni. Tram imekuja, nimeiacha ipite." Akaiweka mashine mezani. "Mimi nilimlaani yule mtu. Unaelewa? Nilimlaani kwa jina la mama yangu. Na alikuwa anajua si yeye."

"Alijua," nikasema.

"Kwa nini alikubali?"

Nikamwambia sijui. Ni kweli, sijui, hukuniambia kamwe. Nadhani uliona kwamba siku ile ningetukanwa mimi, nisingerudi tena mbele ya kompyuta maisha yangu yote. Lakini hayo ni mawazo yangu.

"Bon," akasema. "Kazi haijaisha. Ripoti inataka marekebisho na mashine nyingine sina. Endelea. Lakini sasa mimi nakaa hapa, na kila unachobonyeza uniambie kabla."

Diski ile ya kugonga nisingeiwekea kitu tena. Nilifungua mgongo wa mashine, skrubu kumi na moja, nikaitoa, nikaweka ile ndogo uliyoihifadhi kwenye bahasha ndani ya kabati, uliyoiandikia "nzuri". Nikaiwasha kwa clé, nikamweleza kila hatua kama mtu anayekula kiapo. Tulipofika "Effacer le disque" nilimwonyesha kwamba diski iliyo humu ni tupu, na yake iko mezani mbele yake. Aliishika ile ya zamani mkononi, akaitazama. Kisha akasema nisiguse. Akanyoosha kidole chake mwenyewe, akabonyeza yeye.

Ilichukua dakika ishirini na tano. Wi-fi ilikataa mwanzoni, nikapitisha mtandao kwa waya wa simu yangu hadi ikajitafutia kilichopungua. Alipofungua ripoti yake kwenye mashine yake, alisoma ukurasa wa kwanza wote kwa sauti, kisha wa mwisho. Alirekebisha neno moja, akahifadhi, akaituma kwa barua pepe kwa binti yake na kwake mwenyewe na kwangu. Akazima, akawasha tena, kuona kama ni kweli.

Alikuwa anavaa koti aliponiambia. "Mimi nilimsema kwa watu. Siwezi kuyarudisha peke yangu, watasema nimehurumia maiti. Kesho soko la Midi, saa nne, pale kwa wauza vitambaa. Nitakupitisha kwa kila niliyemwambia. Utasema kwa mdomo wako."

Nikauliza ni wangapi.

"Wengi," akasema. "Vaa viatu vizuri."

Hakunisamehe, Papa, usifikiri hivyo. Hata mkono hakunipa. Mlangoni aliniuliza tu jina la mama yako na la baba yako. Anataka kukuombea, na alikulaani bila hata kuyajua. Nilimwambia la mama yako, la baba yako sikulijua, na hilo nalo limenitia aibu.

Sasa ni saa tatu na dakika kumi. Naogopa. Naogopa muuza vitambaa mwenye sauti kubwa, naogopa wale dada wa saluni, naogopa kwamba Jumamosi ijayo nitapanga mashine na hakuna atakayekuja. Ikiwa hivyo nitakaa, kama ulivyokaa wewe.

Nisamehe kwa ile clé uliyoijaribu jioni nzima. Ilikuwa nzima. Jicho lako halikukosea.

Nakuahidi mambo haya, Papa, mbele ya Mungu aliye nawe. Leo sitamruka mtu hata mmoja, wala sitasema "tulikosea", nitasema "nilikosea". Nikitoka sokoni sirudi nyumbani. Napanda tram moja kwa moja kwa Mama Jeanne, nimwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine, hata kama atanifungia mlango. Na akinifungulia, nitamuuliza jina la baba yako.

Lala salama, mwalimu wangu. Naenda.

Furaha