Nitajifungulia Huku Ufipa

Sumbawanga,
katikati ya masika

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Goti lako linaendeleaje? Na mvua huko kwetu, imewakumbuka mwaka huu? Baba naye umfikishie shikamoo yake. Mimi nipo, nakula, natembea, na mtoto tumboni anacheza kila asubuhi. Hayo ndiyo mazuri, nimeyatanguliza. Masanja mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole, na kila nilipoandika kwamba naogopa usiruke. Nakujua.

Mama, sitakuja. Nitajifungulia huku.

Najua umeshafagia kile chumba cha uani na kumwagiza mtu kuku. Uliposema nije nijifungulie mikononi mwako, baada ya yule wa kwanza kuzaliwa kimya kule bondeni Ilemba, nililipokea neno lako kama limetoka kwa Mungu mwenyewe. Mimi na mume wangu Maduhu tulifunga, tukaomba. Akapatikana mfanyabiashara wa mahindi, maana siku hizi malori ya watu binafsi yanafika mpaka vijijini, hatungoji tena lile la ushirika. Akakubali kunipakia hadi Mpanda nikapande treni. Basi Jumapili nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba Bwana amenifungulia njia. Kwaya ikaniimbia wimbo wa kuniaga, akina mama wakanifunga kanga mabegani. Maduhu akanipandisha mlima hadi huku mjini, akarudi haraka kuangalia ng'ombe wetu.

Lori halikwenda. Dereva alinikuta nimekaa juu ya mzigo wangu, akasema, "Dada, daraja la mbele limechukuliwa na maji. Hata trekta halipiti. Ngoja masika yaishe."

Nikasimama aone tumbo. Akatazama pembeni. "Hilo naona haliwezi kungoja," akasema, akaenda zake kunywa chai.

Nyuma nako kumefungwa. Mto umefurika kati ya Ilemba na mlima, na watu waliofika ukingoni upande wa huku walinieleza kwamba Maduhu alisimama ng'ambo kutwa nzima akitaka kunifuata, kisha akarudi nyumbani. Barua hii nayo itazungukia Mbeya na Dar es Salaam ndipo ije kwenu. Barua inaweza mzunguko huo, mimi siwezi. Uliniita Kabula kwa sababu nilizaliwa mvua ikinyesha, na leo mvua ndiyo imenifungia huku.

Nimehifadhiwa na Mama Skolastika, mjane wa Kifipa anayeshuka gulioni Ilemba kununua mchele wetu. Zamani askari wa vizuizi wangemnyang'anya gunia njiani, sasa anauza mchana kweupe. Ni Mkatoliki, anasali rozari kila jioni. Usishtuke Mama, sijahama dhehebu. Na mama mdogo, aliyeniambia Sumbawanga watu wanageuzwa fisi, mwambie bado nina miguu miwili, ila imevimba.

Nilikwenda hospitalini. Muuguzi akanipima, akasema mtoto amekaa vizuri, ila siku yangu ikifika nije na glavu, wembe, ndoo na kandili yenye mafuta, kwa kuwa siku hizi kila mama anajitegemea. Nikamwuliza kama aliyezaa mfu anaweza kuzaa mfu tena. Akasema, "Mama, maswali mengine hayana dawa." Vitu vyote nimeshavipata, vimepangwa pembeni ya kitanda. Ule wembe nimeufunika na kanga nisiuone.

Naogopa, Mama. Naogopa kufia kwa watu. Naogopa ule ukimya wa mara ya kwanza, wakunga walipoacha kuzungumza na mimi nikajua. Tena kuna hofu nyingine ambayo sijamwambia hata Maduhu: naogopa kwamba nilimsemea Mungu jambo ambalo hakulisema. Nilisimama mbele ya watu nikasema amefungua njia, kumbe hakufungua. Sasa nikipiga magoti maneno hayatoki. Nabaki kusema, "Baba, si ulisikia?"

Juzi Mama Skolastika alipokwenda misa nikataka nimlipe wema wake. Shamba lake lipo nyuma ya nyumba, limejaa matuta ya mviringo, na kila tuta limetokeza majani pembeni. Nikasema, maskini mjane huyu, palizi imemshinda. Kwetu jani ukiliacha tutani si litaota tena? Nikachukua jembe, nikafumua tuta moja baada ya jingine, nikachomoa majani yote na kuyatupa mpakani. Mgongo ulinikatika, lakini nilifurahi.

Akarudi, akasimama na rozari yake mkononi. "Kabula, umefanya nini?"

"Nimekusafishia shamba, mama."

Alicheka mpaka akakaa chini na gauni lake la kanisani. "Mwanangu, hayo majani ndiyo chakula cha udongo! Tunayafukia wenyewe. Yanaoza humo kiangazi kizima, mvua nyingine ikija tunalipasua tuta na kupanda ulezi. Wewe umeyatoa mabichi."

Nikaona aibu hadi machozi. Nikamwuliza, "Sasa mtu anajuaje kama yanaoza?"

"Hajui. Anafukia, anapanda maharage juu, anakwenda zake nyumbani."

Tukaanza kuyafukia upya, yeye akilima, mimi nikimsogezea majani kwa mguu. Hapo ndipo nilipomwambia yote, ushuhuda, wimbo wa kuagwa na yule wa kwanza. Hakunipa mstari wa Biblia. Aliendelea kulima, halafu akasema, "Mimi wangu wawili wako pale nyuma ya kanisa. Niliwaombea kuliko hawa walio hai. Nikakasirika, nikaacha kwenda misa. Halafu nikarudi."

"Kwa nini ulirudi?"

"Ningekwenda kwa nani, Kabula? Kuogopa peke yangu kulinishinda."

Sikupona hofu siku hiyo, wala leo sijapona. Ila tangu hapo nimeacha kumwuliza Mungu habari za lori. Namwambia naogopa, nakaa naye hivyo hivyo.

Nisalimie Baba, mwambie asimlaumu mkwewe. Nisalimie Bibi mzaa baba, na mama mdogo wa mafisi. Masanja, asante kwa kusoma, umalizie na hapa.

Mama, barua hii ikikufikia, jambo litakuwa limeshakuwa, ama hivi ama vile. Nilimlalamikia Mama Skolastika kwamba hata maombi yako yatanichelewea. Akasema, "Kwani Mungu naye anangoja posta?" Kwa hiyo usiseme imeshapita. Siku hiyo hiyo utakayosomewa niombee kama mtu ambaye uchungu ndio kwanza umemshika. Goti likikataa, omba umekaa. Mimi huku nitayashika maombi hayo kabla hujayaomba.

Ni mimi binti yako,
Kabula