Uligeukia Ukuta

Nyamira,
Alhamisi.

Kwako kaka Mathew,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima, na naamini hivyo, maana mgonjwa hawezi kupaza sauti kama ile uliyopaza kanisani Sabato iliyopita hadi habari zikanifikia huku Nyamira. Watoto hawajambo? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio unaochemka, na sitakuficha.

Naandika kwa sababu simu yangu huipokei. Wifi Jacinta amekubali kukupa barua hii mkononi, usimgombeze. Ugomvi wako ni na mimi. Nasikia Jumapili unakuja na gari la kukodi umtoe Mama wodini umrudishe Marani, eti heri afie kwake kuliko kuozeshwa na wauguzi. Kaka, ukimtoa kwenye dripu ya dawa sasa hivi, hutakuwa umempeleka nyumbani. Utakuwa umempeleka kaburini, na njia nzima mtakuwa mkiimba.

Hebu nikukumbushe yalivyoanza, kwa kuwa wewe huyasimulia kuanzia katikati. Mama aliteleza shambani mwa chai akavunjika nyonga. Madaktari wakamtia chuma, wakashona, na mshono ukawa safi kabisa. Sabato ya kwanza mkaja nusu ya kanisa, na uji na ndizi na vitabu vya nyimbo. Nilisimama mlangoni nikasema mwingie wawili wawili, kila mtu anawe kwa sabuni, na asikae kitandani. Basi ikawa kama nimewafungia mlango wa mbinguni! Ulisema mbele ya watu kwamba nilisomeshwa kwa chai ya Mama na sasa namwona uchafu. Nilikujibu kwamba chai hiyo ndiyo iliyonifundisha kunawa mikono. Mzee wenu wa kanisa, Anyona, akasema maombi hayana vijidudu. Nikamwambia ni kweli, maombi hayana, ila mikono inayo. Mkaondoka mmenuna.

Jumatatu yake sikuwa zamuni, nanyi mlijua. Askari wa langoni ni muumini mwenzenu, akawapitisha saa ya chakula cha mchana. Kabla wiki haijaisha Mama alishikwa na homa, mshono ukafura, ukaanza kutoa usaha. Nimefanya kazi hii miaka mingi lakini sikujua kwamba harufu ile, ikitoka kwa mama yako mzazi, inaingia mpaka kwenye chakula.

Hapo ndipo ulipoanza kutangaza kwamba nesi Abigael ameiozesha nyonga ya mama yake. Hata kwa msimamizi wangu ulifika, ukasema hatubadilishi glavu. Aliniita akaniuliza, wenzangu wakisikia, kama nilinawa kabla ya kumfunga Mama bandeji. Mimi, ambaye wodi nzima huniita Sabuni kwa kuwasumbua! Nilikwenda kulia chooni, kisha nikanawa nikarudi kazini. Sisemi hospitali yetu ni ya malaika. Kuna siku bomba hukauka tukabeba maji kwa ndoo, na kuna wauguzi wavivu ambao nimegombana nao. Lakini Mama nilimfunga mwenyewe, na kidonda chake nakijua.

Nilipokuuliza mlifanya nini Jumatatu ile, uliapa kwa Biblia kwamba hakuna mkono uliokigusa. Mama naye alisema alijikuna usingizini. Basi nikakuita mwongo, na nimelisema neno hilo kwa shangazi wote.

Leo asubuhi, nikimwosha, Mama alinishika mkono akaniambia. Kumbe hukusema uongo, kaka. Hukuona. Anyona alitaka mafuta ya maombi yafike palepale penye maumivu. Bandeji iko pajani, karibu na kiuno, na chinsoni, hiyo heshima na haya tuliyolelewa nayo, haimruhusu mwana kuona mwili wa mama yake. Wewe ukageukia ukuta. Wanaume wote wakageukia ukuta, macho yamefumbwa, mkiimba. Aliyebaki akitazama kitanda ni Mama Nyamusi peke yake, yule mwombaji wenu wa kanisa. Alikuwa ametoka kumwombea yule mgonjwa wa kitanda cha dirishani, ambaye mguu wake unavuja usaha, tena aliuombea akiwa ameushika. Bila kunawa akaifungua bandeji ya Mama, akachovya vidole kwenye mafuta, akausugua mshono kutoka mwanzo hadi mwisho, akafunga tena. Ninyi mkaitikia amina. Maabara imesema vijidudu vya yule mwanamke na vya Mama ni vilevile.

Mama alinisihi nisikwambie. Anasema ukijua utakufa kwa aibu, na yuko radhi kuoza yeye kuliko wewe uinamishe kichwa kanisani. Nimekwambia hata hivyo. Mficha uchi hazai, na Mama amekuficha vya kutosha.

Kesho wanaufungua mshono kuusafisha. Wakikuta uozo umefika kwenye chuma, watakitoa, na Mama hatasimama tena katikati ya chai yake. Jumapili njoo, ila gari la kukodi liache. Njoo peke yako. Utanikuta kwenye sinki. Utanawa hadi viwikoni, kisha utavaa glavu, na nitakapokifungua kidonda utakitazama. Mama amekubali ukione, ingawa hajui kwamba nimekwambia. Aliyekuwa akikataa ni mimi, mpaka nilipoona kwamba usipokiona utaendelea kuapa.

Nisalimie watoto, na wifi umshukuru. Anyona mpe salamu zangu za baridi. Mama Nyamusi usimsalimie, mwambie anawe mikono. Mama anakusalimu sana. Homa ilipompanda alikuwa akiuliza kama umekula.

Ni mimi dada yako, ambaye bado sijakusamehe,

Abigael Nyanchoka