Mume Wangu Alisema Giza, Mdogo Wangu Anasema Hila

Mshauri, jana asubuhi katibu wa chama chetu cha kriketi alikuja dukani kwangu akasema mdogo wangu amemshtaki mume wangu kwa hila, na shahidi wa kwanza ni mimi, kikao ni Alhamisi ya wiki ijayo saa nane mchana, nami naomba unishike mkono kwa sababu tangu katibu atoke nimeshona kola mbili kinyume na zote nimezifumua.

Mimi ni fundi cherehani, na kila Jumapili kwa miaka kumi na moja nimekuwa mwandishi wa alama za mechi, mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, karakana yake imepakana na duka langu, na Jumapili yeye ni mwamuzi, watu wanamwita Chuma, na mdogo wangu ni mpigaji, nimemlea tangu mama yetu afariki yeye akiwa darasa la pili, hata pedi zake za kwanza nilimshonea mwenyewe kwa sponji ya godoro kuukuu.

Wiki mbili zilizopita timu yake ilikuwa inatafuta kuingia fainali, ilibaki kupata mikimbio tisa kwa mipira kumi na mmoja, yeye ana sitini na mbili na hajatolewa, wateuzi wa timu ya taifa wamekaa kwenye viti vya mbele, wingu likaja kutoka upande wa reli, mume wangu akatazama juu, akaondoa vile vijiti vya juu ya wiketi, zile nguzo tatu nyuma ya mpigaji, akasema mwanga hautoshi, wachezaji watoke. Mwamuzi mwenzake ni mwalimu kijana, hakubisha. Dakika ishirini baadaye mvua ikanyesha, mechi ikafutwa, pointi zikagawanywa, timu ya mdogo wangu ikabaki nje kwa pointi moja.

Tangu siku hiyo benchi la mbele ya duka langu halina amani. Kinyozi anasema, "Mimi nilikuwa naona mpaka mshono wa mpira," muuza matairi anamjibu, "Wewe ulikuwa umekaa na karanga mkononi, kasimame pale mpira ukujie kama pikipiki halafu uniambie habari za mshono," kinyozi anasema hata huyo mwalimu alikuwa anaona, ila mzee akisema giza, kijana atatoa taa wapi, muuza matairi anasema, "Kwani mvua haikunyesha? Mzee aliiona kabla yenu," kinyozi anasema, "Aliitwa kuamua mechi, hakuitwa kutabiri hali ya hewa." Halafu muuza matairi huwa anamaliza kwa hadithi ile ile, kwamba Chuma ana moyo wa ajabu, msimu huu mpira ulipigwa moja kwa moja ukampita sikioni nafasi ya kiganja, hata kope haikucheza. Wanacheka wote, nami nakanyaga cherehani kwa nguvu nisiwasikie.

Mshauri, kope haikucheza kwa sababu hakuuona.

Ni mwaka mmoja na nusu sasa. Chai anamimina huku ametia ncha ya kidole ndani ya kikombe ajue imefika wapi. Karakanani mimi ndiye ninayemchorea mstari kwa chaki nene kabla hajakata chuma, nikimaliza narudi kwenye cherehani kama mtu aliyekwenda kuazima mkasi. Nilipomwambia aache uamuzi alisema, "Mama watoto, siku nikiacha watauliza kwa nini, na wakijua, nani atampa kipofu kazi ya kuchomelea geti lake?"

Uwanjani tulifanya hivi. Mwandishi wa alama kazi yake ni kujibu, yaani mwamuzi akitoa ishara ya mikimbio minne au sita, mimi nainua kibao cheupe kumwonyesha nimeona. Sisi tukageuza. Mpira ukigusa chini kabla ya kuvuka kamba ya mpaka, nainua mimi kwanza, mara moja, naye anatoa nne, ukivuka hewani nainua mara mbili, anatoa sita. Hakuna aliyegundua, maana macho yote huwa kwa mwamuzi, nani anamtazama mwanamke aliyeinamia daftari.

Siku ile mdogo wangu aliupiga mpira ukavuka kamba hewani. Nikainua mara mbili. Mume wangu akanielekea uso kwa uso, akasubiri. Nikainua tena mara mbili, akasubiri, mpaka watu wakaanza kuguna, mwalimu akamsogelea akamnong'oneza, ndipo akainua mikono yote miwili kutoa sita. Halafu akatazama mawingu. Nyumbani alivua viatu akaniambia neno moja tu, "Sikukuona."

Mdogo wangu hajaingia kwetu tangu hapo. Alisimama mlangoni mwa duka akaniuliza, "Dada, wewe ulikuwepo na kalamu yako. Kulikuwa na giza au hakukuwa na giza?" Nikamjibu kwamba mimi naandika alama, siandiki mwanga. Akasema, "Sawa, dada," akaondoka. Sasa amewaambia chama kwamba shemeji yake alimfanyia hila asichaguliwe, na katibu anasema akishindwa kuthibitisha atafungiwa misimu miwili, ana miaka ishirini na tatu, misimu miwili ndiyo basi. Na mume wangu bado amepangwa kusimama fainali, Jumapili baada ya kikao. Nikisema ninachokijua nimemzika mume, nikinyamaza nimemzika mtoto niliyemlea. Nishike lipi?

Mwandishi wa alama

Dada, barua yako nimeisoma mara tatu, kisha nikampigia mwamuzi mstaafu bila kumtajia mtu wala timu. Jibu lake lilikuwa fupi: uamuzi wa mwanga ukishatolewa uwanjani haurudi, hata ukionekana baadaye kuwa ulikosewa. Kwa hiyo fainali ya mdogo wako imekwenda, na wateuzi wameondoka na walichokiona. Nakuambia mapema ili usiende kikaoni ukidhani unaenda kuirudisha ile mechi.

Pole. Kumficha mtu mwaka mmoja na nusu ni kazi ngumu, na umeifanya huku ukishona na kulea. Lakini pole yangu inaishia hapo. Kijana uliyemlea alikuuliza swali la ndiyo au hapana, ukamjibu kama karani wa dirishani. Ametafuta sababu mwenyewe, na aliyoipata ni kwamba shemeji yake anamchukia. Hiyo sababu umempa wewe. Hila haikuwepo. Walikuwepo watu wawili wenye hofu, mmoja katikati ya uwanja na mmoja mezani.

Kuna neno nimelitafuta katika barua yako yote: daktari. Halimo. Umetaja chai, chaki, kibao, geti, hukutaja hata siku moja mlipokwenda kupimwa. Labda ni mtoto wa jicho, ugonjwa unaopasuliwa na mtu akarudi kazini. Labda ni jambo ambalo haliponi, na mmelichelewesha. Mimi sijui, wewe hujui, na mumeo anaogopa kujua. Wakati huo huo anawasha mashine ya kukatia chuma kila asubuhi kwa kufuata chaki yako. Geti lililoungwa vibaya humwangukia mtu aliyelilipia. Na mpira wa kwanza kumpita sikioni si hakikisho kwamba wa pili utampita.

Unauliza ushike lipi kati ya mume na mdogo. Kumwambia kijana kwamba mumeo haoni si kumzika mumeo. Akisimama fainali hapo ndipo utakapomweka karibu na kaburi.

Ijumaa nilikupigia kukuuliza kama bado unataka barua hii ichapwe. Nilisikia cherehani yako ikisimama, kisha ukasema, "Ichape." Nadhani hapo ulikuwa umeshaamua. Majina sijaweka, lakini usijidanganye, muuza matairi naye ananunua gazeti, na hili limetoka leo Jumanne. Mumeo asisikie mambo haya benchini. Kaa naye sasa hivi, mwambie utakachosema Alhamisi, na mwambie kwamba una nia ya kumwachia aseme yeye kwanza. Akikasirika, mwache akasirike. Usimwombe ruhusa.

Kesho nenda kwa mdogo wako, nenda peke yako, usipeleke zawadi. Mwambie kuhusu kibao. Atakutukana, na matusi mengine utakuwa umeyastahili. Usimtetee mumeo mbele yake wala usimwombe amsamehe, hilo ni lao wawili. Mwombe jambo moja tu: kabla ya kikao aandike upya shtaka lake, aondoe neno hila, aweke kilichotokea. Akifanya hivyo, chama hakina cha kumfungia.

Mumeo akigoma kusema, utasema wewe. Usilie na usieleze miaka kumi na moja. Sema haoni kibao kutoka katikati ya uwanja, sema tangu lini, sema kwamba ulikuwa unamwonyesha, na sema alitazama wingu baada ya kukukosa wewe. Halafu weka kibao mezani kwa katibu na umwombe atafute mwandishi mwingine wa fainali. Ndiyo, na wewe pia unaondoka. Ulidhani utabaki?

Nimeuliza hospitali kuu. Kliniki ya macho hupokea wagonjwa wapya Alhamisi, namba zinatolewa kuanzia saa mbili asubuhi na huisha mapema. Mpelekeni mumeo, wewe na mdogo wako kama atakubali, na wewe peke yako kama hatakubali. Kutoka hapo nendeni kikaoni. Saa nane.