Mimi, Bwana wa Tableti za Ndege

Alhamisi, Manga. Mvua imenyesha kutoka saa nane hadi saa kumi, ile mvua yetu ya kila siku isiyohitaji mtabiri. Sasa imeacha. Ukungu umekalia migomba, na mimi nimelala kwenye kitanda nilicholalia nikiwa darasa la sita, miguu ikitokeza nje. Roho yangu iko chini kuliko hiyo miguu.

Leo naandika ukweli. Najua, najua, mmenizoea hapa mtandaoni na hadithi zangu za mjini. Niliacha shule kidato cha pili, lakini mwalimu wa Kiswahili aliwahi kuniambia nina mkono wa kuandika na kichwa cha kusumbua. Mkono ndio huu. Kichwa mtakiona.

Hii ni siku ya kumi na tisa ya likizo yangu.

Hakuna likizo.

Wacha nianze na kazi yenyewe, maana kazi ilikuwa ya kweli na sitaki mtu aninyang'anye hiyo. Kule Nairobi, uwanja wa ndege, kuna kampuni moja ambayo ndege zake zimezeeka kidogo. Nyuma ya viti hakuna skrini, kuna mfuko tu. Kwa hivyo abiria wakishatulia, wahudumu hupita na kreti wakigawa tableti, vile soda hugawiwa kwa harusi. Unaazimwa, unachagua filamu, unatazama, na ndege ikikaribia kutua unarudisha. Kwenye redio huziita vishikwambi. Sisi tuliozishika tuliziita tableti.

Zikirudi, zilikuwa zinarudi kwetu: vijana wanne na msimamizi wetu Bi Rehema, kwa chumba kisicho na dirisha. Unahesabu. Unapangusa kioo na kitambaa chenye dawa, kutoka juu kwenda chini, usirudi juu, ukirudi unasambaza mafuta ya vidole vya watu. Unaweka kwa kabati la chaji. Kila tableti ilikuwa na nambari mgongoni, na moja ikikosekana unapanda ndani ya ndege kuitafuta kwenye mifuko ya viti. Mara nyingi ungeikuta imefunikwa blanketi kama mtoto mchanga. Hapo tu ndipo nilipoingia kwenye ndege, ikiwa imesimama. Sijawahi kupaa hata kimo cha kuku.

Na nilikuwa mkali, msinicheze. Wale wenzangu walikuwa wakifika kreti ya pili mimi niko ya nne, nimeegemea ukuta, nawaambia waongeze gia. Bi Rehema alisema mikono yangu ina haraka na haina makosa. Kuhusu mdomo wangu hakusema kitu.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Abiria wengi hawamalizi filamu. Ndege inatua, tableti inachukuliwa, picha inabaki palepale: mtu ameinua mkono, gari liko hewani, bibi harusi amefungua mdomo. Kazi yangu ilikuwa kufuta na kurudisha mwanzo. Lakini kwanza nilikuwa nabonyeza iendelee. Kwa hivyo nimetazama miisho ya filamu nyingi kuliko kijana yeyote wa Kisii na Nyamira ukiwaweka pamoja, na mianzo yake siijui. Najua nani alikufa. Sijui alikuwa nani.

Hiyo ndiyo kazi. Sasa sikieni nilivyoisema nyumbani.

Nilisema, "Nafanya kazi na ndege." Maneno manne, na yote ni ya kweli. Hayo mengine watu walijijazia. Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, alijaza kwamba mimi ni injinia. Vijana wa boda walijaza kwamba mimi ni rubani, wakanibatiza Kapteni. Sabato moja mzee wa kanisa aliwaombea "wote wanaosafiri angani, akiwemo kijana wetu," na Amina yangu ndiyo ilitoka na sauti kubwa zaidi. Ndege ikipita juu ya kilima, watu huniuliza inaenda wapi. Mimi huangalia kidogo, nakunja jicho, nasema Kigali. Hakuna aliyewahi kunipinga.

Ningekuwa nimeishia hapo, ningekuwa tu kijana mwenye mdomo. Manga ina wengi.

Lakini kuna Kemunto.

Kemunto ni binti wa baba mdogo, aliyetuacha kitambo. Tumekua naye boma moja, kwa hivyo ni dada yangu, na hiyo habari ya binamu waachieni watu wa mjini. Yeye na mama yake, mama mdogo, wanaishi kwa kazi yake. Miaka mitatu alikuwa kwa duka la vitambaa Kisii mjini, duka la Bwana Jayant, ambalo babu yake Bwana Jayant ndiye alilifungua. Kemunto anakata kitambaa bila kuchora laini na hakiendi kombo. Wamama wa kwaya wakiingia wanamwulizia kwa jina. Asipokuwepo wanaketi wanamngoja.

Nilipokuja kwa mazishi ya babu yetu, aliniuliza kama huko kwa ndege wanaandika wasichana. Mtu mwenye akili angesema hajui. Mtu mwenye adabu angesema ataulizia. Mimi nilisema, "Nafasi yako iko. Nitaongea na wakubwa."

Wakubwa! Mkubwa niliyemjua mimi ni Bi Rehema, na yeye mwenyewe alikuwa anaomba ruhusa ndiyo aende msalani.

Nikamfanyia hadi mahojiano ya kazi jikoni, nikiwa nimekalia kigoda na miguu nimepishanisha kama meneja. Alicheka mpaka moshi ukampalia. Mwisho wa mwezi akamwaga Bwana Jayant, akaacha duka.

Wiki mbili baadaye kampuni ikafunga kisanduku fulani ndani ya ndege, kinachorusha filamu moja kwa moja kwa simu ya abiria. Kila mtu ana simu siku hizi. Nani anataka kuazima? Bi Rehema alituita akatusomea karatasi polepole, kama anayesoma tangazo la kifo. Siku ya mwisho tulihesabu tableti zote, tukazipangusa, tukazichaji zikajaa, kisha tukazipanga kwa katoni. Nilimwuliza kwa nini tunachaji vitu ambavyo haviendi popote. Akasema, "Maliza tu vizuri, kijana wangu." Hakuniangalia.

Nikaja nyumbani. Nikasema likizo.

Siku kumi na nane nimekuwa nikimpa Kemunto maneno. Fomu yako iko mezani. Mwenye meza amesafiri. Mwenye meza amefiwa. Uongo wangu ulipofika kwa huyo aliyefiwa, mama mdogo alimwombea kwa jina nililotunga, magoti chini, na mimi nimefumba macho pembeni yake.

Sasa leo.

Saa tatu asubuhi tulikuwa kwa majani chai, mimi na tata. Kemunto akaja akipita katikati ya mistari, leso imelowa umande mpaka magotini. Alikuwa amepigiwa simu na Bwana Jayant. Yule msichana aliyechukua nafasi yake ameharibu kitambaa cha kwaya nzima na ameenda zake. Sasa kuna mwingine wa Keroka aliyeomba kazi, lakini Bwana Jayant anamtaka Kemunto kwanza. Akitaka kurudi, aseme leo kabla ya saa nane.

"Nakuuliza mara moja na sikuulizi tena," akaniambia. "Hiyo kazi iko ama haiko?"

Tata alikuwa mistari miwili mbele, kikapu mgongoni. Aligeuka. Alikuwa anatabasamu, ile tabasamu ya mzazi anayengoja mtoto wake asifiwe.

Neno moja tu lilitakikana.

"Iko," nikasema. "Kwani wewe unaniona mimi mtu wa mchezo?"

Alinitazama kidogo. "Sawa, Kapteni."

Katika watu wote wa Manga yeye ndiye peke yake ambaye hakuwahi kuniita hivyo. Alikuwa ananiita kwa jina nililobatizwa. Leo ameniita Kapteni, na hakuwa ananitania.

Baada ya hapo nilichuma kama mtu aliyerogwa. Kiwanda kinataka majani mawili na kichipukizi, si mnajua. Mimi nilikuwa nang'oa chochote kijani. Tata akaja akatia mkono kwa kikapu changu, akatoa jani gumu kama ngozi, akaligeuzageuza.

"Momura, kijana wangu, unachumia kiwanda ama ng'ombe?"

Saa sita nikashindwa kuvumilia. Nikaacha kikapu hapo hapo nikateremka kwa kina Kemunto. Nilikuwa nimeamua. Hata hatua zangu zilikuwa za mtu aliyeamua, mniamini hapo angalau. Kwenye njia nikakutana na Ombati wa boda anapanda, koti limefura kifuani.

"Kapteni! Ndege umeegesha wapi leo, ama imekwama kwa matope?"

Nikamwuliza amebeba nini.

"Mkasi wa Kemunto. Ati nimpelekee Bwana Jayant, ampe yule msichana wa Keroka." Akacheka, akapiga gia. "Anasema huko kwa ndege hawaruhusu mtu na mkasi."

Akaenda.

Huo mkasi ninaujua. Mkubwa, mweusi, wa chuma kitupu. Aliununua na mshahara wake wa kwanza na alikuwa anaulaza kwa kitambaa cha flana. Hata mama yake hakuruhusiwa kukatia uzi. Nilisimama kwa njia nikisikia pikipiki ikiishia upande wa barabara kuu, na nikajua nimechelewa hata kabla ya kufika.

Nilimkuta nyuma ya jikoni, kwenye tangi la maji. Alikuwa ameshampigia Bwana Jayant, amemshukuru, amemwambia amchukue huyo mwingine. Nikasema yote, hapo, nimesimama. Hakuna likizo. Hakuna fomu. Hakuna mwenye meza. Tableti ziko kwa katoni na sijui katoni ziko wapi. Nilikuwa nimejitayarishia kofi. Nilikuwa hata nimechagua shavu.

Hakunipiga. Aliketi kwenye jiwe la kuoshea nguo, akatoa simu, akampigia Bwana Jayant tena. Simu yake ina sauti kubwa, nilisikia kila neno. Yule mzee hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Binti yangu, nimeshamwambia yule. Mama yake ameongea na mimi kwa hii simu, alikuwa analia kwa furaha. Sasa nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu," Kemunto akasema. Halafu akaongeza, "Mkasi ukifika, autie mafuta kidogo. Unakaza mahali pa msumari."

Alipokata simu akaniambia, bila kuinua sauti, "Mama hajui. Mimi simwambii. Utamwambia wewe, na huo huo mdomo."

Kisha mvua.

Nilidhani nina mpaka kesho kujipanga. Saa kumi na moja mama mdogo ameingia kwetu na sufuria kichwani, Kemunto nyuma yake na ugali wa wimbi. Kumbe asubuhi, aliposikia binti yake anakataa kurudi dukani, alijua basi kazi ya Nairobi imekuwa. Akamshika yule jogoo wake mwekundu akamchinja. Kwa ajili yangu. Alikuwa na jogoo mmoja.

Kwetu firigisi haiguswi na kila mtu. Ni ya mwenye boma, na katika nyumba hii tangu nizaliwe imekuwa ya tata. Nikiwa mdogo nilikuwa naitazama ikipanda kutoka sahani kwenda mdomoni mwake kama mtu anayetazama jua likitua. Leo tata ameichukua kwa vidole vyake, amenyoosha mkono juu ya meza, ameiweka kwa sahani yangu.

"Leo ni ya mtu aliyebeba mwenzake," amesema.

Kemunto ndiye alikuwa ananawisha watu. Alikuja na birika na beseni, akanimwagia maji polepole. Mikono yangu ilishatakata na yeye bado anamwaga. Alikuwa ananitazama usoni. Palikuwa na nafasi pale, nafasi kubwa kabisa, ambapo mtu angeweza kuweka neno lake na watu wote wangesikia.

"Kula basi mwanangu," mama mdogo akasema. "Inapoa."

Nikala.

Ilikuwa tamu. Hilo ndilo sitajisamehe.

Kemunto alibeba beseni akaenda kumwaga maji nje na hakurudi. Mimi nilisema tumbo limejaa, nikaja huku chumbani, nikafungua simu, nikaanza kuwaandikia ninyi. Ninyi ambao siwajui mmejua kabla ya mwanamke aliyenichinjia jogoo. Huo ndio ujasiri wangu mimi.

Saa hii ni saa kumi na mbili na nusu. Kupitia kwa ukuta namsikia mama mdogo akimwuliza tata kama Nairobi kuna baridi, kwa sababu ana sweta mbili, nyepesi na nzito, na hajui ni gani ampakie Kemunto. Tata anamwambia aje aniulize mimi, mimi ndiye ninajua huko.

Ameinuka. Nasikia kandambili zake zikija kwa mlango huu.

Nitamwambia nini? Ningekuwa mtu, ningemwambia aketi kwanza. Lakini najijua.

Nitasema ile nzito.