Kikombe Alichokiacha Melania

Jumanne. Ukungu haujatoka bondeni mpaka saa hizi.

Basi akakiweka kikombe chini, taratibu, kama anashusha mtoto aliyelala. Hakunywa. Akajifunga kanga yake akaondoka, na mimi bado nacheka.

Andika hivyo hivyo, Editha mjukuu wangu. Usiniambie watu wanaisoma hii shajara yako kwenye simu. Wasome.

Melania ni rafiki yangu. Alivuka mpaka kutoka Burundi kwenye hizi vurugu za juzi, akafikia kwa shemeji yake hapa Mugoma, huko chini mtoni. Kihangaza changu na Kirundi chake ni ndugu, tukaelewana siku ile ile. Tunapalilia pamoja, leo kwangu, kesho kwa shemeji yake. Mjane kama mimi. Mume wake alikunywa pombe kwa jirani jioni, asubuhi wakamkuta amekufa, ameshapoa. Yeye anasema alitiliwa kitu. Mimi nitajuaje? Aliniambia tukipukuchua maharage, na wala hakulia.

Nilikuwa nalijua hilo. Ndilo linaloniuma.

Kwetu humpi mgeni pombe hujainywa wewe kwanza, naye anakuona. Funda moja tu linatosha. Hata miaka ile ya kambi ya Benaco, wakimbizi wamejaa mpaka vilima vikaisha miti. Ehe, miti! Nilikuwa na miparachichi miwili, inazaa mpaka matawi yanagusa chini, sikubakiwa hata na kisiki. Haya, hiyo nayo ni habari yake. Nasema hata wakati ule, mama akisimama mlangoni kwangu anaomba maji, mimi naonja, ndiyo nampa. Maji!

Sasa Jumapili tumetoka misa na Melania, urwagwa wangu, pombe ya ndizi, umekubali, ndizi zilikuwa zimeiva vizuri shimoni. Editha amekuja likizo kutoka Mwanza, akasema leo anahudumia yeye. Akamimina kwenye vikombe vya plastiki. Akampigia Melania goti vizuri, shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu. Halafu akasema, "Bibi, hii inaua! Ukipiga viwili tu, kesho tunakuzika!"

Melania akanitazama mimi. Kisha akamuuliza Editha polepole, "Mbona hujaonja?"

"Aa, bibi! Nikionja mimi, nani atabaki kukuzika?"

Hapo nilicheka mpaka machozi. Umeweka mkono kiunoni, shingo umeipinda, wewe mtoto una vituko.

Ndiyo kikombe kikawekwa chini.

Nilivyoshtuka, nikakichukua, nikakinywa chote, nikamkimbilia hadi kwenye migomba. Nikamwonyesha kikombe kitupu. "Tazama, Melania, nimemaliza!" Hakugeuka. Kunywa baada ya neno si sawa na kunywa kabla. Hata mimi ningekataa.

Editha ananiambia, bibi, mjini ndivyo tunavyosifia kitu. Kikiwa kitamu kinaua, mtu akichekesha umekufa, nguo ikipendeza wanakufa wote. Mimi namuuliza, mnakufa mara ngapi huko? Sisi huku tunasifia kwa kumaliza kikombe na kuomba kingine.

Usilie, andika. Wewe umesema tu. Mimi mtu mzima nimecheka, na kicheko changu ndicho alichoondoka nacho.

Jana nimekwenda kwa shemeji yake. Wamenipa kiti, hawakunipa hata maji. Wakaniambia Melania amelala. Saa nne asubuhi, Melania amelala! Nikapita kisimani, wanawake wakanyamaza. Editha, unajua maana ya kisima kunyamaza? Likishatajwa neno la sumu kwenye nyumba, nyumba hiyo haipikii tena watu. Hata kwenye msiba watakuambia pumzika mama, tumeshapika.

Lakini hilo mimi nitalibeba, nimeshazeeka. Ninayemfikiria ni yeye. Alipita njia yote ile hamwamini mtu, akafika hapa, akaniamini mimi.

Nani anaita? Nyamaza kidogo, nisikie.

Ni jirani yetu Mama Renatus, yuko nje kwenye ua. Anasemaje? Melania anafunga mizigo? Anasema heri akaishi kambini?

"Nakuja, Mama Renatus! Mwambie asubiri! Mshike hata mkono!"

Kanga yangu iko wapi? Acha simu, Editha, inuka, twende wote. Nitaanza na neno gani mimi, Mungu wangu? Nitaanza na neno gani?